Unataka kutengeneza mashine ya nazi? Anza na mikono ya atakayeitumia

Wadau wa nazi na mafundi wa Tanga, leo naandika kuhusu kutengeneza mashine za kufua, kukuna na kukamua nazi, maana sasa hivi naona watu wengi wanaingia kwenye mafuta ya nazi na tui la kuuza, Pangani, Muheza mpaka huko Mkinga, alafu kitu cha kwanza wanachofanya ni kwenda kwa fundi wa kuchomelea na kumwonyesha video kwenye simu, nitengenezee kama hii. Fundi anatengeneza, mashine inazunguka, watu wanafurahi, ila ukirudi baada ya muda unakuta kava limeng'olewa limeegeshwa ukutani, mkanda uko wazi, na dada anayekuna ana plasta vidole viwili. Msimamo wangu mimi ni huu: kinga inayochelewesha kazi itang'olewa tu, hata ubandike tangazo kubwa kiasi gani. Kwa hiyo kazi yako wewe mbunifu ni kutengeneza kinga ambayo mtu akiitoa kazi yenyewe inaharibika, yani usalama na wingi wa kazi vikae kwenye chuma kimoja, sio umtegemee mtu awe makini saa kumi jioni ameshachoka.

Kabla hujashika kalamu nenda ukakae wanapofanyia kazi. Usiende na tepu kwanza, nenda na daftari. Ifuate nazi kuanzia inaposhushwa mpaka inapokuwa tui au mafuta, uandike mikono iko wapi kila hatua, nani ameinama, nani amesimama, na nazi zinarundikana wapi. Hapo kwenye rundo ndo pa kuanzia. Tuseme wanafua nazi 100 kwa saa, wanapasua 200, ila wanakuna 40 tu, sasa we ukienda kuwatengenezea mashine ya kufua ya umeme umewaongezea rundo, mwisho wa siku lita ni zile zile. Na mara nyingi mwenye rundo mbele yake ndo mwenye haraka, na mwenye haraka ndo anayeumia, kwa hiyo ukipunguza foleni umepunguza na ajali hapo hapo. Uliza pia walioacha ile kazi waliacha kwa nini. Watu wa pwani hawatakwambia moja kwa moja niliumia, atakwambia tu mkono ulinigomea au mgongo ulikataa, andika hivyo hivyo, ni taarifa ya kiufundi hiyo.

Jambo la pili ni vipimo vya nazi zenyewe. Mnazi wetu mwingi huku ni ule mrefu wa Afrika Mashariki na nazi zake hazilingani, mti mmoja unakupa kubwa na ndogo. Nunua nazi 50 mchanganyiko, usichague, zungushia kamba kila moja katikati, pima kamba, gawanya kwa 3.14 unapata kipenyo. Fanya na makumbi yake, alafu ufue upime tena. Andika ndogo kabisa, kubwa kabisa, na saizi ambayo ziko nyingi. Ukikopi vipimo vya mashine ya India au Ufilipino bila kupima za kwako utapata kikombe ambacho nazi inacheza ndani, na nazi inayocheza ndo inayoteleza na kupeleka mkono kwenye meno.

Tuje kwenye kufua. Kifuo chetu cha chuma kilichosimikwa chini kinafanya kazi nzuri sana kwa aliyezoea, tatizo ni kwamba ncha inamwangalia mtu na nguvu yote inatoka mgongoni, ukikosea kidogo ni kiganja au tumbo. Kabla hujafikiria mota jaribu kifaa cha wenzo. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Kerala, India walishabuni kitu cha namna hii na ni rahisi mno: kabari mbili za chuma zimesimama zimebanana kama jani moja, moja imefungwa imara na nyingine ina bawaba, unaichoma nazi juu yake zote mbili zinaingia kwenye kumbi, unavuta mpini, kabari ya pili inafunguka na kumbi linaachia. Unageuza nazi unarudia mara tatu nne, kumbi lote limetoka. Huinami, na nguvu inatoka kwenye mpini. Fundi yeyote wa kuchomelea anaiweza, haina umeme, mama mwenye nguvu ya kawaida anaitumia. Urefu wake ndo usikosee: nazi ikiwa juu ya kabari iwe chini kidogo ya kiwiko cha mtumiaji, na kwa sababu watumiaji hawalingani weka bomba ndani ya bomba lenye matundu na pini, kila mtu anapandisha kwa saizi yake. Kwa kikundi kidogo mimi nashauri ubaki hapo, kiukweli kabisa, hela ya mota peleka kwenye kukuna.

Ila kama nazi ni nyingi kweli na lazima uende kwenye rola mbili zenye meno zinazozunguka kuelekeana, basi uielewe hatari yake kwa hesabu. Mota ya HP 1 (nguvu farasi moja) ni wati 746. Ukiipunguza kwa giaboksi mpaka rola izunguke mara 30 kwa dakika, hata ukipoteza asilimia 40 njiani, kwenye rola ya kipenyo cha sentimita 12 nguvu ya kuvuta inafika zaidi ya kilo 200. Hakuna mwanaume wa kuuchomoa mkono hapo. Na uso wa rola unatembea karibu sentimita 19 kila sekunde, yani kutoka ncha ya kidole mpaka kiwiko ni sekunde mbili na kitu. Sasa fikiria swichi iko ukutani.

Kwa hiyo kwenye mashine ya rola vitu hivi havina mjadala. Weka bomba la goti mbele ya mashine, refu upana wote, ukiligusa kwa goti au paja umeme unakata, maana mikono yote miwili inaweza kuwa imebanwa. Alafu kumbuka giaboksi ya skrubu na gurudumu haizunguki kinyumenyume ukiilazimisha kutoka upande wa rola, ikisimama imekung'ang'ania, hivyo kuzima peke yake hakutoshi, lazima rola moja ikae kwenye fremu yenye bawaba na mpini wa kuiachia, ukipiga mpini rola zinaachana. Mpini huo huo ndo utawasaidia kila siku nyuzi zikikwama katikati, na ndo maana hautang'olewa. Nazi isukumwe na mkono wa chuma kutoka juu, sio kiganja. Glavu hapana kabisa, glavu ikishikwa na jino inaingia na mkono uliomo. Na kama unaweka mdomo wa kuingizia nazi ambao mkono mzima unapita, basi kutoka mdomo mpaka meno umbali usipungue milimita 850, hicho ndo kipimo cha kimataifa cha mkono kutofika kwa mdomo usiozidi milimita 120, mdomo ukiwa mpana zaidi usikitegemee. Wengi wanakata mdomo mfupi kuokoa bati, bati!

Kukuna sasa, hapa ndo nataka nikae kidogo maana ndo penye akina mama wengi na ndo penye vidole vingi.

Mashine za kukuna zilizozagaa ni mota ina kichwa cha meno mbele, mtu anashika kifuu kwa mkono anakisukumia. Mota ya kawaida kwa umeme wetu wa hezi 50 inazunguka kama 1440 kwa dakika, kichwa cha sentimita 6 meno yanapita kwa mita 4 na nusu kila sekunde. Mwanzo wa nazi hakuna shida, nyama ni nene na kifuu kinajaa mkononi. Shida inakuja mwishoni nyama ikiwa nyembamba, mkono umelowa tui unateleza, mtu anazungusha kifuu kufuata pembe zilizobaki, kidole gumba kinachungulia ukingoni, hapo ndo meno yanakipata. Na hapo hapo ndo ngozi ya kahawia inapoanza kukunwa na tui linaingia rangi. Yani kidole kinaumia na bidhaa inaharibika sehemu ile ile kwa sekunde ile ile, na ukiliona hilo umeshapata dawa yake.

Dawa ni kikombe cha kushikia kifuu kilichowekwa kwenye mkono wa chuma wenye bawaba. Ndani ya kikombe weka vidole vitatu vya chuma vya springi, uvivike mpira wa tyubu ya pikipiki ili vishike kifuu kisizunguke ovyo. Nyuma ya kikombe weka mpini, mtu anazungusha mpini huku anasukuma, mikono yote miwili iko nyuma ya kikombe, hakuna sababu yoyote ya kidole kuwa mbele. Alafu weka kizuizi, bolti tu yenye nati mbili, inayosimamisha mkono wa chuma kichwa kikibakiza kama milimita 2 kufika ngozi ya kahawia. Kwa kuwa nazi hazilingani toboa matundu matatu ya kizuizi, ndogo, ya kati, kubwa, na zile nazi 50 ulizopima ndo zitakupa nafasi ya kila tundu. Nazi zipangwe mafungu matatu kabla ya kupasuliwa, ni kazi ya mtoto wa darasa la tatu hiyo ya kupanga, lakini mtoto asikae karibu na mashine.

Na kava la kichwa lisiwe la kufungua kwa mkono. Lifanye la springi, limefunika meno muda wote, kikombe chenyewe kikija ndo kinalisukuma kando, kikirudi linafunga. Bila kikombe meno hayafikiki na bila kikombe hukuni nazi, kwa hiyo hakuna mwenye hamu ya kuling'oa. Matokeo yake utayaona kwenye beseni: nazi iliyokunwa inatoka nyeupe, haina vipande vya kifuu, mnunuzi wa tui anaona tofauti kwa macho, na mkunaji hapunguzi mwendo akifika mwishoni kwa kuogopa, anasukuma mpaka kizuizi kinagonga basi, anabadilisha. Mota ya nusu HP inatosha, usiweke kubwa kwa sifa.

Nguo. Akina mama wetu wanafanya kazi na kanga kiunoni na mtandio kichwani, ndo mavazi ya kwetu na hayabadiliki kwa sababu ya mashine, mashine ndo ibadilike. Ncha ya shafti inayochomoza nyuma ya mota, kichwa cha bolti kwenye puli, kii (kile kipande cha chuma kinachofunga puli kwenye shafti) iliyotokeza, vyote hivyo vinashika pindo la kanga na kulizungushia. Kata shafti inayozidi, tumia bolti zinazozama, funika puli na mkanda pande zote, sio mbele tu, na sehemu ya chini pia maana mtu anaokota vitu. Jinsi ya kupima: chukua kipande cha kanga kuukuu, kifunge kwenye fimbo ndefu ya mita moja na nusu, washa mashine, alafu pitisha kile kitambaa kila upande wa mashine, juu, nyuma, chini, taratibu. Kikishikwa popote, zima, hapo ndo pa kufunika. Ukishika fimbo usiizungushie mkononi, ishike wazi ili ikivutwa uiachie. Kwa vidole pia usitumie vidole, tumia mwiko wa mbao, mahali mwiko unapofika kwenye meno, ujue na kidole cha mtoto kinafika.

Kwenye wavu wa kava watu wananiuliza tundu liwe saizi gani. Tundu la mraba la milimita 10 wavu ukae angalau milimita 25 kutoka kwenye kinachozunguka, likifika milimita 12 usogeze mpaka 80. Tundu linavyokua na umbali unakua, usiweke wavu wa kuku wenye tundu kubwa alafu ukaubandika juu ya mkanda.

Umeme nao. Sisi tunajua umeme unakatika na kurudi bila hodi. Mashine yenye swichi ya kawaida ya kuwasha na kuzima, umeme ukikatika mtu anasahau kuzima, anaingiza mkono atoe nyuzi zilizokwama, umeme unarudi. Hii peke yake inatosha kukufanya ununue kontakta (swichi inayoshikiliwa na umeme wenyewe) na vitufe viwili, kijani na chekundu, ukikatika umeme kontakta inaachia na ukirudi mashine inabaki kimya mpaka mtu abonyeze kijani. Kitufe chekundu kiwe kikubwa kama uyoga na kiwe mahali mtu aliyekaa anafikia. Weka na reley ya kukata mota ikizidiwa, mota haitaungua na hiyo ni hela yako. Sakafu ya nazi muda wote ina maji ya nazi na tui, kwa hiyo waya utoke juu kwenye kenchi usilale chini, waya wa kijani na njano ufungwe kwenye fremu na ufike ardhini kweli kweli, na weka breka inayokata umeme ukivuja miliampia 30. Fundi umeme akikwambia hiyo breka inasumbua inakata kata, maana yake kuna mahali unavuja, atafute.

Kasi ni hesabu ya puli tu. Mzunguko wa mota zidisha kipenyo cha puli yake, gawanya kwa kipenyo cha puli kubwa. Mota 1440, puli ya inchi 3 na ya inchi 9, unapata 480. Mkanda ukiwa umekazwa kiasi unateleza kabla giaboksi haijavunjika, usikaze kama gitaa.

Kukamua. Jeki ya gari ya tani 10 inatosha kikundi. Ukiikandamiza kwenye sahani ya kipenyo cha sentimita 20 unapata kama kilo 32 kwa kila sentimita ya mraba, tui linatoka zaidi kuliko mkono wowote na viganja vinapumzika. Jeki ikae chini, meza yenye ukingo na mdomo wa kutolea tui ipande juu kukutana na sahani iliyofungwa kwenye fremu, kwa sababu jeki zinavuja mafuta, ikikaa juu mafuta yake yanadondokea kwenye chakula. Nyingi pia hazifanyi kazi zikigeuzwa kichwa chini. Chuma cha juu cha fremu kisitegemee weldi peke yake, kipitishe ndani ya nguzo au kifunge kwa bolti kubwa ili chuma kilalie chuma, weldi ikiachia kwa tani 10 inaruka na mtu yuko hapo hapo anapampu. Springi mbili za kurudisha meza chini, mfuko wa kitambaa safi ndani ya silinda yenye matundu, pampu kidogo subiri, pampu subiri, ukiharakisha mfuko unapasuka.

Materiali: kinachogusa nazi kiwe chuma cha pua, daraja la 304 linatosha, rangi isiguse chakula kabisa. Fremu iwe chuma cha kawaida cha kupaka rangi, ila huku pwani chumvi ya hewani inakula mabomba kutoka ndani, kwa hiyo ziba ncha zote za mabomba kwa kuchomelea kabla ya kupaka. Na sehemu zote za kuoshwa zifunguke kwa mkono, nati za mabawa au klipu, maana kinachohitaji spana hakitaoshwa kila jioni, na tui likilala kwenye kona asubuhi linanuka.

Spea ndo mtihani wa fundi mzuri. Beringi za UCP 205 kwa shafti ya milimita 25, mikanda ya V ya saizi A, cheni na sproketi za pikipiki, vitu ambavyo mtu wa Pangani anavipata bila kuagiza Dar. Ukitumia beringi ya ajabu kwa sababu uliipata kwenye skrepa, ikifa mashine inakaa miezi na wanarudi kwenye kifuo. Ongeeni na wazee waliofanya kazi kwenye korona za mkonge (mashine za kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge) hapa Tanga, wanajua mengi kuhusu rola na nyuzi kuliko video yoyote. SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, wapo tangu 1973, wapelekee mchoro kabla ya kukata chuma. Ukiajiri watu eneo lako linatakiwa kusajiliwa OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) kwa sheria ya mwaka 2003, usisubiri ukaguzi ndo ukimbilie kufunga kava.

Mashine za kuchambua makumbi kutoa usumba (nyuzi za kumbi) sijaziongelea makusudi, zina nyundo zinazozunguka kwa kasi kubwa na vumbi lake linaingia kifuani, sio mashine ya kujifunzia.

Ukishakabidhi mashine usipotee. Rudi baada ya wiki, kaa pembeni, usiseme kitu, angalia walichobadilisha wenyewe. Wakiwa wamefunga kamba kwenye mpini ujue ni mfupi, ongeza. Wakiwa wameweka tofali chini ya miguu meza iko juu, shusha. Kitambaa kimezungushiwa kwenye kikombe maana yake vidole vya springi havishiki nazi ndogo, kaza springi au ongeza mpira. Kava limetolewa, usigombe na mtu, muulize lilikuwa linamzuia kufanya nini, alafu rudi nalo karakana ulikate upya.